Kisiki Kinapochipua, Chini Yake Humea Nini?

Katika kaunti za Migori na Homa Bay, mahitaji ya kuni hayaishi. Tumbaku ya Kuria na Suna hukaushwa kwa kuni. Mbuta wa Mbita, Sindo na Sori hukaangwa na kubanikwa kwa kuni. Wachimba dhahabu wa Macalder huzuia mashimo yao yasiporomoke kwa nguzo za miti, na shule za bweni huchemsha githeri kwenye masufuria makubwa juu ya magogo. Kila mzigo wa kuni una kisiki chake mahali fulani, na kuzunguka kila kisiki kuna ardhi iliyopigwa na jua ghafla.

Katiba ya 2010, katika kifungu cha 69, inaitaka serikali ijitahidi kufikisha miti katika angalau asilimia 10 ya ardhi ya Kenya. Tathmini ya kitaifa ya rasilimali za misitu ya 2021 ilikadiria eneo lenye miti kuwa asilimia 12.13. Serikali sasa inalenga asilimia 30 kufikia 2032, kwa kupanda miti bilioni 15. Hesabu zote hizo zinatazama juu, kwenye matawi. Mjadala huu unatazama chini. Mti unapokatwa karibu na ardhi, kisiki kikaachwa kichipue, kisha machipukizi yakakatwa tena baada ya miaka kadhaa, nyasi, mboga za mwitu, dawa na maua yanayoishi chini yake hupata faida au hasara?

Wazungumzaji wanne wafuatao nimewabuni ili kila upande upate mtu wa kuutetea. Wa kwanza ni mkata kuni wa Migori. Wa pili ni Dani, yaani nyanya, mchumaji wa mitishamba wa milima ya Gwassi. Wa tatu ni mfugaji mzee wa bonde la Lambwe, na wa nne ni mwalimu wa baiolojia wa shule ya sekondari. Baada yao nitatoa hukumu yangu.

Kuhusu jua

MKATA KUNI: Mimi sing'oi mti, ninakata. Nikikata mti wa siala mwezi wa pili kwa msumeno mkali, chini kabisa, mvua za Machi zikianza kisiki kinatoa machipukizi kumi au zaidi. Ninayaacha mawili au matatu yaliyonyooka, mengine ninayapunguza. Miaka michache baadaye nina nguzo, na mizizi ni ileile iliyokuwa ikishika udongo tangu zamani. Na tazameni chini. Palipokuwa na majani makavu matupu, msimu mmoja tu pana nyasi, pana majani ya odielo, pana mboga ya atipa ya kupika. Kichaka kilichosongamana huwanyima wadogo jua. Nikikata, nao wanapata.

MWALIMU: Katika hilo sayansi iko upande wake. Chini ya gome la kisiki kuna vichipukizi vilivyolala. Mti ukiwa mzima, shina huvizuia visiamke. Shina likiondoka, huamka na kulishwa na akiba ya chakula iliyomo mizizini. Ndiyo maana chipukizi la kisiki hukua haraka kuliko mche wa kitaluni. Huko chini nako, mbegu ambazo zimekaa udongoni zikingoja mwanga na joto huota kwa pamoja. Uingereza wanaujua mzunguko huu kwa karne nyingi. Msitu wa Bradfield huko Suffolk una kumbukumbu za kukatwa kwa mtindo huu tangu 1252. Mwanaikolojia Oliver Rackham aliyechunguza msitu wa Hayley, karibu na Cambridge, alionyesha jinsi maua ya chini yanavyochanua kwa wingi katika miaka michache ya kwanza baada ya miti kukatwa, kisha yanapungua machipukizi yanapofunga kivuli tena.

DANI: Mwalimu, hayo maua ya Wazungu yaache kwao kwanza. Mjukuu wangu huyu mkata kuni anahesabu kinachokuja, hahesabu kinachoondoka. Makorongo ya Gwassi yana mimea isiyotaka jua kabisa. Kuna majani ya kwenye mawe mabichi, kuna kuvu, kuna dawa za watoto ninazozichuma asubuhi kabla ardhi haijapata moto. Ukikata mti wa juu, maji ya kwenye mawe hukauka kwanza, kisha kuvu, kisha dawa. Nikirudi mwaka unaofuata ninakuta nyasi. Nyasi ni nzuri, lakini mtoto mwenye homa hatibiwi kwa nyasi.

MKATA KUNI: Dani, dawa zako zitarudi kivuli kikirudi.

DANI: Zitarudi kutoka wapi, kama umekata kilima kizima kwa msimu mmoja? Mmea hauna miguu. Lazima pabaki mahali karibu ambapo umeishi, ndipo mbegu yake irudi.

MWALIMU: Dani amegusa kiini cha jambo. Mimea ya jua ina mbegu nyepesi, au mbegu zinazovumilia kukaa udongoni miaka mingi. Mimea mingi ya kivuli haina uwezo huo. Ikifutwa mahali pote, kivuli kitarudi kikute ardhi imeshapata wenyeji wengine. Kuna tofauti nyingine pia. Kule Uingereza maua ya msituni huchanua mwishoni mwa baridi, kabla miti haijavaa majani, kwa hiyo yana wiki zake za jua hata msitu usipokatwa. Kwetu hakuna baridi ya namna hiyo. Saa yetu ni mvua, ya Machi hadi Mei na ile ya mwisho wa mwaka. Jua la Januari juu ya udongo usio na kivuli hapa Nyanza ni jua lenye kuua. Kwa hiyo tunaweza kujifunza mzunguko wa Uingereza, lakini hatuwezi kuuhamisha mzimamzima.

MFUGAJI: Hata kuhusu nyasi msikubali upesi kwamba jua ndilo kila kitu. Mimi huona mwezi wa kwanza, nyasi za peupe zimekuwa rangi ya mchanga, lakini chini ya mgunga ulio peke yake bado pana kijani. Ng'ombe wanapajua kabla yangu.

MWALIMU: Ni kweli, mzee. Chini ya mti wa savana udongo una rutuba na unyevu zaidi, na nyasi pana kama Panicum hupenda hapo. Kivuli chepesi ni tofauti na kivuli kizito. Anayekata miti yote ili apate nyasi hujinyima zile nyasi bora za kiangazi.

Kuhusu kwato na moto

DANI: Basi tuseme mjukuu wangu amekata vizuri, na majani yameota. Nani anafika wa kwanza? Mbuzi. Chipukizi laini ni chakula kitamu, na chini yake pana majani mabichi. Wiki mbili mbuzi wakipita hapo, kisiki kimebaki kijiti na ardhi imebaki vumbi. Halafu watu wanasema kukata ndiko kulikoharibu.

MFUGAJI: Mbuzi amesemwa, na mwenye mbuzi atajibu. Niwapeleke wapi? Hifadhi ya Ruma imezungushiwa ua, na ni sawa, kwa sababu ndipo mahali pekee nchini palipobaki wale swala waitwao korongo, nao wanahitaji nyasi ndefu. Mashamba yana mahindi. Kilima ndicho kilichobaki. Halafu ninyi mnaopenda machipukizi mmesahau historia ya bonde hili. Kisiki kikiachwa kitoe matawi kumi, msitu unakuwa kichaka kifupi kilichofungamana, na hapo ndipo mbung'o hupenda kukaa. Miaka ya 1980 malale yalipolipuka Lambwe tuliogopa kila kichaka. Wako wazee wanaofyeka hadi leo kwa hofu hiyo, na siwalaumu.

MWALIMU: Hofu hiyo ina msingi. Mbung'o wa Lambwe hujificha kwenye vichaka vizito. Lakini tazameni jirani zetu wa Shinyanga, kusini mwa Ziwa Victoria. Wakati wa ukoloni miti mingi ilifyekwa kule kwa sababu hiyohiyo ya mbung'o, kisha pamba ikafuata, hadi nchi ikakaribia kuwa jangwa. Mwaka 1986 Tanzania ilianzisha mpango wa HASHI, yaani Hifadhi Ardhi Shinyanga. Dawa kubwa waliyoitumia ilikuwa ngitili, desturi ya Wasukuma ya kufunga sehemu ya malisho wakati wa mvua ili nyasi zikue na kuliwa kiangazi. Walipofunga, visiki na mizizi iliyokuwa hai ardhini ilichipua yenyewe. Kufikia mapema miaka ya 2000 ngitili zilikuwa zimefunika zaidi ya hekta 300,000. Nyasi zilirudi, dawa zikarudi, na kuni zikapatikana bila kupanda mti mmoja katika sehemu nyingi.

MFUGAJI: Kwa hiyo ng'ombe hawakufukuzwa.

MWALIMU: Hawakufukuzwa. Walipangiwa zamu, na wafugaji wenyewe ndio waliopanga. Hata msitu wa Hayley ulikumbwa na tatizo kama la mbuzi wako. Kulungu walipoongezeka walikula maua yaliyochanua baada ya kukata, ikabidi sehemu iliyokatwa izungushiwe ua. Mnyama hufika mahali palipo na chakula, Uingereza na Lambwe sawasawa.

MFUGAJI: Ninakubali kufunga misimu miwili ya mvua, kwa sharti moja. Nyasi za ndani ya sehemu iliyofungwa nikate kwa mundu nipeleke bomani. Mkinikataza hata mundu, mtoto wangu atapitisha mbuzi usiku.

MWALIMU: Mundu ni rafiki hapo, mzee. Nyasi zikiachwa zirefuke mno huikaba miche midogo na maua, na kiangazi zikishika moto, moto huo huwa mkali. Moto wa mwisho wa kiangazi huua chipukizi changa na kuchoma mbegu za juu ya udongo. Ukikata nyasi kwa mkono unalisha ng'ombe na kuupunguzia moto kuni.

DANI: Na tanuri la makaa nalo mlitaje. Mchoma makaa huchimba hata kisiki, kwa sababu mzizi una makaa mazito. Hapo hakuna cha kuchipua tena. Na mahali tanuri lilipokaa, udongo umeiva kama tofali, miaka inapita hakuoti hata gugu.

MKATA KUNI: Hapo niko na Dani. Anayeng'oa kisiki ananiharibia kazi mimi kabla ya kumharibia mwingine.

Kuhusu mti wa nani

MKATA KUNI: Lakini tuulizane ukweli. Mikaratusi ndiyo iliyookoa vilima vya Migori. Mkulima wa tumbaku wa mkataba alihimizwa apande, akapanda. Inachipua mara tatu, mara nne, haiogopi shoka. Bila mikaratusi, miti ya siala na ober ingekwisha zamani ndani ya matanuri ya tumbaku.

DANI: Ingia chini ya hiyo mikaratusi yako uniletee mboga.

MKATA KUNI: Mboga haziko, ninakiri. Lakini si kila mahali pawe jikoni.

MWALIMU: Tutenganishe mambo mawili. Mti huu una sifa zake za kuni, na mkata kuni amezitaja kwa haki. Lakini kwa mimea ya chini ni mwenyeji mgumu. Majani yake yana mafuta, na yakianguka huoza polepole na kuzuia mbegu nyingi kuota. Mizizi yake hunywa maji mengi kwenye tabaka lilelile la udongo linalotegemewa na nyasi. Watu huipanda kwa kubanana, kisha huikata kila baada ya miaka michache, kwa hiyo ardhi haipati muda wa kutulia. Ikipandwa kwa nafasi pana mahali penye mvua nyingi, nyasi kiasi huota. Ikibanana kwenye mteremko mkavu, chini hubaki majani makavu na mifereji ya maji. Kando ya mito ndiyo mbaya zaidi. Ndiyo maana mwaka 2009 John Michuki, aliyekuwa Waziri wa Mazingira, aliagiza iondolewe kwenye kingo za mito na vyanzo vya maji.

MFUGAJI: Na maji yasiyoshikwa na nyasi kilimani huenda wapi? Waulizeni watu wa Nyatike kila mto Kuja unapofurika.

MWALIMU: Mto hufurika kwa sababu nyingi, mzee, na mvua ya juu ndiyo ya kwanza. Lakini ni kweli kwamba tone la mvua huvunjwa nguvu na majani ya chini zaidi kuliko matawi ya juu. Mti mrefu usio na nyasi chini yake huangusha matone makubwa kwenye udongo mtupu. Kinacholinda udongo wa mteremko ni zulia la mimea midogo na majani yaliyooza. Tukilipoteza hilo, tunaweza kuwa na asilimia 30 ya miti na bado tukapeleka shamba letu ziwani.

MKATA KUNI: Basi punguzeni kazi ya kuni. Mimi huuza kwa sababu kuna anayenunua.

MWALIMU: Umesema jambo kubwa. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani pamoja na Shirika la Chakula na Kilimo (FAO) na Mpango wa Chakula Duniani (WFP) walianzisha Migori mpango wa mashamba yasiyo na tumbaku, wakiwasaidia wakulima kugeukia maharagwe yenye madini mengi ya chuma. Maharagwe hayahitaji tanuri. Kila mkulima anayehama hupunguza mzigo mzima wa kuni kwa msimu.

Kuhusu mgeni mwenye maua mazuri

MFUGAJI: Kuna adui mmoja hamjamtaja. Nyabende winy, ile lantana. Mkikata msitu, yeye ndiye wa kwanza kushangilia. Ndege wanakula tunda lake na kuliangusha popote penye mwanga. Ng'ombe akiila anaugua ini, ngozi inababuka akisimama juani.

DANI: Na panapoota nyabende winy, mimi sichumi kitu tena. Inafunga mlango.

MKATA KUNI: Nami huifyeka kila mwaka!

MWALIMU: Unaifyeka, na hapo ndipo kosa lilipo. Lantana nayo huchipua kutoka kisikini, tena kwa haraka kuliko siala. Ustadi uleule unaokupa nguzo unaipa lantana matawi mapya. Dawa yake ni kuing'oa na mizizi ikiwa changa, udongo ukiwa umelowa, katika mvua ya kwanza na ya pili baada ya kukata. Ukiichelewesha ikafunga kichaka, kazi ya mtu mmoja inakuwa kazi ya kijiji.

MKATA KUNI: Kwa hiyo kazi yangu haiishi siku ninapobeba kuni.

MWALIMU: Inaanza siku hiyo.

Hukumu ya mwandishi

Nimewaacha wanne hawa wabishane kwa sababu kila mmoja ameshika ukweli wake kwa mikono miwili. Mkata kuni ana haki kusema kwamba kisiki hai ni bora kuliko shimo. Dani ana haki kusema kwamba mimea ya kivuli haina mtetezi na ikiondoka huenda isirudi. Mfugaji ana haki kudai kwamba hifadhi isiyo na nafasi ya mifugo wake haitadumu. Mwalimu ametuonyesha kwamba hatima ya mimea ya chini haiamuliwi siku mti unapoanguka. Inaamuliwa katika misimu miwili au mitatu inayofuata, na wanaoiamua ni mbuzi, moto, lantana, na urefu wa muda tunaoiachia ardhi ipumue.

Kwa hiyo ninasema kukata kwa kuacha kisiki kukubaliwe na kuhimizwe Migori na Homa Bay, lakini kwa masharti. Kilima kigawanywe vipande, na kila mwaka kikatwe kipande kimoja tu, ili sikuzote pawe na ardhi ya jua, ardhi ya nusu kivuli na ardhi ya kivuli kizito, na mbegu ziwe na pa kutoka na pa kwenda. Makorongo, chemchemi na miteremko mikali ya Gwassi na Kanyamwa isiguswe kabisa. Ukataji ufanywe mwishoni mwa kiangazi, kwa kifaa kikali, na kisiki kisichimbwe. Kipande kilichokatwa kifungwe kwa mifugo misimu miwili ya mvua, na mfugaji apewe haki ya kukata nyasi humo kwa mundu. Lantana ing'olewe mapema. Mikaratusi ibaki kwenye mashamba ya kuni, mbali na mto, na isihesabiwe kuwa msitu uliorudi.

Nani atasimamia? Sheria ya misitu ya 2016 inazipa jumuiya za wenyeji nafasi ya kusimamia misitu ya umma pamoja na Huduma ya Misitu ya Kenya. Misitu ya Wire na Kodera kule Kasipul, pamoja na Gwassi, ni mahali pa kuanzia. Katika kila jumuiya ya namna hiyo pawe na kiti cha mkata kuni, kiti cha mfugaji, na kiti cha mwanamke anayejua majina ya mimea isiyofika magotini, kwa sababu yeye ndiye atakayetambua wa kwanza kinachopotea.

Na kuna kazi ambayo haihitaji bajeti ya kaunti. Shule iliyo karibu na kilima ichukue vijiti vinne na kamba, ipime mraba wa mita moja kwa mita moja mahali palipokatwa, na mwingine mahali ambapo hapajakatwa. Wanafunzi wahesabu aina za mimea iliyomo, waandike majina kwa Kidholuo, Kikuria na Kiswahili, na warudie kila mwaka baada ya mvua ndefu. Katika miaka mitano watakuwa na ushahidi wa kilima chao wenyewe, wa kuweka mezani mbele ya afisa yeyote anayetaja asilimia za miti. Walimu wa Migori na Homa Bay, anzeni Juni ijayo.